Paja la Maksai wa Mzee Walubengo

Hebu mwone anavyokuja. Ni asubuhi ya mwezi wa Desemba, mwaka wa 1948, na majani ya kando ya barabara ya Myanga bado yana umande. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi anasukuma baiskeli. Haipandi, kwa sababu kwenye keria amefunga chungu cha chuma chenye mfuniko, na chungu chenyewe ni kizito hivi kwamba akijaribu tu kupanda, gurudumu la mbele linanyanyuka kama beberu anayetafuta ugomvi. Koti lake jeusi lilishonewa mtu mwingine, mikono inaishia juu ya viganja. Usiku wa jana alilala Kimilili. Ukimwuliza anakwenda wapi atakujibu vizuri tu, "Kwa wakwe." Ukimwuliza na chungu ni cha nini, hapo atatazama mbele na kuendelea kusukuma.

Huyo ni Khaemba, mpishi wa mzungu mmoja huko Kitale. Siku ile alikuwa amekuja kumchukua mke wake, Nekoye, ambaye baba mtu alikuwa amemrudisha nyumbani miaka miwili iliyopita.

Hakuna aliyetoka kumpokea baiskeli. Langoni alisimama Wepukhulu, kaka yake Nekoye, kijana mwenye mabega mapana na mdomo usio na mlango.

"Watu wa nyumbani, tokeni muone!" akapaza sauti. "Yaya wa wazungu amefika, na sufuria yake!"

"Habari ya hapa, mulamwa," Khaemba akasema. Hivyo ndivyo shemeji huitana kule.

"Usiniite mulamwa. Mulamwa wangu ni mwanamume. Wewe umeacha aproni wapi? Ama ulivaa ndani ya koti?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta wimbi karibu na ghala wakacheka. Miongoni mwao alikuwa Nekoye, na mtoto mgongoni. Yeye hakucheka, lakini pia hakuinua macho.

Sasa ngoja nikueleze jinsi mtu anavyofika mahali pa kutukanwa hivyo na shemeji yake mchana peupe.

Khaemba alizaliwa kwenye miteremko ya chini ya Cheptais. Mwaka ule nzige walipokula mahindi ya baba yake mpaka mabua, yeye na nguvu zake za miaka kumi na minane walitembea hadi Trans-Nzoia kutafuta kazi. Akapata ya kupasua kuni kwenye shamba moja upande wa Ndalu. Kuni zenyewe alizipeleka jikoni kwa mpishi aliyeitwa Kang'ethe, mtu mzima kutoka Kiambu, mfupi, mwenye hasira, aliyeongea na watu kwa mwiko kabla ya kuongea nao kwa mdomo.

Kang'ethe naye alikuwa na wa kumtesa. Memsahib wa nyumba ile alikuja na kitabu cha mapishi kutoka kwao. Kitabu kilisema nyama ya Jumapili itiwe katika oveni yenye moto mkali, itoke haraka, iliwe. Basi kitabu kilikuwa kinazungumzia ng'ombe wa kwao Uingereza, ambao hulishwa nafaka zizini mpaka mafuta yanapenya katikati ya nyama. Ng'ombe wa Trans-Nzoia alikula majani, akatembea maili tatu kwenda mtoni na tatu kurudi. Kila Jumapili nyama ilitoka ngumu kama soli ya buti, na kila Jumapili Kang'ethe aliitwa mshenzi mbele ya wageni. Siku moja Memsahib alimmwagia mchuzi wa moto shingoni. Kovu lake Khaemba aliliona kila siku kwa miaka kumi.

Jumapili iliyofuata, Kang'ethe alifunga mlango wa jiko, akaweka kitabu juu ya kabati, akachukua chungu cha chuma kilichokuwa kikipikiwa chakula cha mbwa.

"Wewe mpasua kuni, kuja hapa uone," akasema. "Hii ng'ombe inakula majani tu, sivyo? Haina mafuta ndani. Ukiipiga na moto, inakaza roho. Inakukasirikia. Wewe ipe moto kidogo, kidogo sana, funika, halafu wende zako. Usichungulie! Ukichungulia nitakupiga."

Nyama ya siku hiyo wageni waliisifu mpaka wakasahau pudini. Memsahib aliwaambia kwamba ni kitabu chake. Kang'ethe alipokufa, chungu kilibaki kwa Khaemba, na jiko pia.

Nyumba ile ilikuwa na sheria nyingine, na hii Khaemba alifundishwa kwa makofi alipoanza kupeleka sahani mezani, mwaka uleule wa kwanza: sahani ya kwanza ni ya mwanamke. Memsahib kwanza, kisha wageni wa kike, kisha wanaume, Bwana mwenyewe wa mwisho. Akikosea, alilala njaa. Baada ya mwaka hakukosea tena. Kwa miaka kumi na saba mkono wake ulitembea njia hiyo kila mchana na kila jioni, mpaka haukuhitaji tena kuulizwa.

Katikati ya miaka hiyo alimwoa Nekoye, binti ya Mzee Walubengo wa Myanga, akamjengea nyumba kwao mume, upande wa Cheptais, akawa anakuja likizo mara moja kwa mwaka. Mwaka wa 1946 alikuja akamkuta amejifungua mtoto wa kike siku tatu nyuma, homa imemlaza, na mama yake Khaemba amekwenda kwenye matanga ya mbali. Hakukuwa na mwanamke yeyote wa kushika moto. Khaemba hakufikiri mara mbili. Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa kwenye mafiga, akapika uji, akachemsha supu ya kuku, akamlisha mkewe kwa kijiko.

Jirani aliyekuja kuazima chumvi alimkuta hapo, mwiko mkononi na nepi ya mtoto begani. Basi. Kupika kwa mzungu watu waliweza kukuelewa, ile ni kazi kama kazi nyingine. Lakini mwanamume kukaa kwenye mafiga ya mke wake, nyumbani kwake mwenyewe! Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika sokoni. Wasichana wakaitungia wimbo mtoni. Na juma lililofuata Mzee Walubengo mwenyewe akaja na fimbo yake, akasimama uani bila kukaa.

"Niliozesha mtoto wangu kwa mwanamume," alisema. "Kama macho yangu yalikosea siku ile, leo nimekuja kusahihisha."

Akamchukua Nekoye na mtoto. Khaemba alituma wazee mara tatu, wakarudi mara tatu. Mwaka wa pili ndipo mfanyabiashara mmoja wa mahindi akamletea ujumbe Kitale. Mzee alikuwa amesema hivi: "Mwambie aje na chungu chake. Alimpikia binti yangu kwa siri. Mimi atanipikia uwanjani, mbele ya watu. Nikiila nyama yake, amchukue mke wake. Nikiitema, asikanyage Myanga tena maisha yake yote."

Ndiyo maana ya chungu.

Mzee Walubengo alitoka ndani ya nyumba pole pole na kuketi kwenye kiti chake cha ngozi. Alifungua mdomo wazi, akamwonyesha Khaemba.

"Hesabu," akasema.

Khaemba akayatazama meno. "Ni matatu, papa," akasema, maana baba kule huitwa papa.

"Matatu. Mawili yako juu, moja liko chini, na hayakutani. Miaka sita sijala nyama ya ng'ombe, nakunywa supu yake kama mtoto. Sasa, mpishi, nyama yako ni ile pale."

Chini ya ghala lilining'inia paja zima la ng'ombe, jeusi kwa juu, limekaushwa na upepo. Khaemba akalisogelea, akalibonyeza kwa kidole. Kidole hakikuingia. Nyuma yake Wepukhulu alishindwa kujizuia.

"Ile ni maksai wetu wa plau, bwana! Miaka kumi na miwili amelima hii milima. Juzi akavunjika mguu kwenye mtaro. Watu wamegawana zile nyama za maana, hilo paja mbwa wamelikataa."

"Mbwa hawakulikataa," Mzee akasema. "Nililificha mimi. Nilikuwa nangoja mgeni."

Uwanja ukaangua kicheko. Na mgeni, mwenzangu, angeweza kuokota baiskeli yake na kurudi alikotoka. Hata yeye alilifikiria hilo, kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye mpini wa baiskeli, akaomba kisu.

Hakulipika paja zima. Alifuata mfupa taratibu, akatoa donge moja la ndani, lile ambalo halifanyi kazi nyingi mnyama akitembea, akaacha utando wake wa mafuta kama ulivyo. Akalisugua chumvi pande zote, akaliviringisha kwenye kitambaa, akaliweka kivulini, akakaa karibu nalo akiwafukuza nzi.

"Sasa unafanya nini?" Wepukhulu akauliza.

"Nangoja chumvi iingie."

"Ati anangoja chumvi! Si umwite basi? Mwite, chumvi, chumvi, ingia!"

Ilipokaribia saa nne akachimba shimo dogo katikati ya uwanja, akawasha kuni za mti mgumu, akaziacha zife ziwe makaa. Kwenye chungu akayeyusha mafuta ya ng'ombe, akageuza nyama mpaka ikawa ya rangi ya udongo kila upande. Akatia vitunguu vitatu, kikombe kimoja cha maji, akafunika. Kisha akakanda unga wa wimbi kwa maji, akaziba nao ukingo wa mfuniko pande zote kama mtu anayeziba nyufa za nyumba. Akakiteremsha chungu shimoni juu ya makaa machache, na mengine machache akayaweka juu ya mfuniko.

"Ongeza kuni," Mzee akasema kutoka kitini.

"Zinatosha, papa."

"Nimesema ongeza. Moto huo hauwezi kuchoma hata nzi."

"Ukiongeza, itakasirika."

Mzee akawageukia watu. "Mmesikia? Anaogopa nyama. Mke wake hamwogopi, mimi baba mkwe haniogopi, anaogopa nyama iliyokufa!"

Siku ilikwenda hivyo. Kila saa Khaemba alitoa makaa mawili yaliyozima na kuingiza mawili yanayowaka, basi. Watu waliokuja kuona maajabu walichoka, wakakaa kwenye majani, matusi yakawa ndiyo chakula chao cha mchana. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeteseka kumpita Khaemba, naye ni mama mkwe. Kwa mila zao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutanishi macho, na kwa kuwa mkwe alikuwa amekaa katikati ya uwanja, mama wa watu alifungiwa ndani tangu asubuhi. Mara kwa mara sauti yake ilitoka dirishani.

"Baba Wepukhulu! Hii kesi yenu itaisha leo ama nioze humu ndani?"

"Mwulize mpishi!"

"Siwezi kumwuliza, unajua siwezi kumwuliza!"

Khaemba aliinamisha kichwa juu ya makaa yake. Kejeli za watu alizizoea, alikuwa ametukanwa na wajuzi zaidi. Kilichomuuma ni Nekoye. Tangu asubuhi hakuwa amemtazama. Alipita na maji, akapita na kuni, akapita na mtoto ambaye sasa alitembea na hakujua mtu yule wa shimoni ni nani. Je, alitaka kurudi? Hakuna aliyemwuliza, hata wale wazee waliotumwa mara tatu. Mara moja tu alisimama karibu, akasema bila kugeuza uso, "Ule wimbo bado wanauimba." Kisha akaenda zake.

Saa kumi ilipopita, harufu ikaanza kupenya kwenye unga uliokauka. Waliokuwa wamelala waliinuka wakakaa. Khaemba akapasua ule unga, akainua mfuniko, akatoa nyama nzima na kuiweka juu ya jani la mgomba. Akaifunika kwa jani lingine. Akaketi.

"Kata," Mzee akasema.

"Bado kidogo, papa. Inapumzika."

Wepukhulu akapiga makofi. "Inapumzika! Imetembea kutoka wapi? Tuiletee na maji ya kuoga?"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Wengi walikuwa wakitazama jani.

Kisha akakata. Alitazama kwanza nyuzi za nyama zinalala upande gani, akapitisha kisu kuzikata kwa kukingama, vipande vyembamba. Maksai yule wa miaka kumi na miwili ya kulima milima alianguka chini ya kisu kama mkate. Ndani hakukuwa na damu hata tone, ila unyevu tu uliong'aa. Mzee Walubengo alikuwa ameinama mbele kitini, mikono juu ya fimbo, na koo lake lilipanda na kushuka. Ndugu yangu, mtu wa miaka sita bila nyama! Kila aliyekuwa pale aliona kwamba kesi imekwisha.

Khaemba naye aliona. Akapanga vipande vitano kwenye sahani ya bati, akamwagia mchuzi kidogo ukingoni, akafuta tone kwa kidole gumba. Akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, akanyooka, akatembea.

Akampita Mzee.

Akawapita wazee wa ukoo waliokaa kwenye magogo. Akampita Wepukhulu. Akavuka uwanja mzima mpaka ghalani, akainama kidogo kutoka upande wa kushoto, akaiweka sahani ya kwanza mikononi mwa Nekoye.

Hapo ndipo alipozinduka.

Alitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Mbele ya baba mzazi, mbele ya ukoo wote, amempa mwanamke nyama ya kwanza. Hata wale wasichana wa mtoni hawangeweza kutunga hilo.

"Nekoye," Mzee akasema taratibu. "Lete hiyo sahani hapa."

Ilikuwa njia ya kutokea, na kila mtu aliiona. Angetembea hatua kumi, akapiga goti, akampa baba yake, na uwanja ungejifanya kwamba mpishi alimtuma tu. Mzee angekula. Jambo lingekwisha.

Nekoye aliitazama sahani. Kisha kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama mume wake, akamtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyosimama na mkono mmoja nyuma. Akachukua kipande kwa vidole, akala. Akachukua cha pili. Alikula vyote vitano, bila haraka, amesimama.

"Papa," akasema, "nyama hii haihitaji meno."

Mzee Walubengo akainuka. Alipiga lile jani kwa fimbo yake, nyama ikaruka kwenye vumbi, na mbwa hawakuikataa.

"Tema basi, useme umetema!" Khaemba akapaza sauti, hata yeye akashtuka kujisikia. "Hujaila, papa! Onja kwanza!"

"Mimi nile mabaki ya mtoto wangu? Toka. Toka na chungu chako cha mbwa." Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ikapungua. "Wewe ukipita lango hilo nyuma yake, usirudi. Hata siku ya kunizika, usirudi."

Nekoye alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni. Aliingia ndani kwa mama yake, akatoka na furushi moja la nguo. Alipofika langoni Wepukhulu alikuwa bado amesimama katikati ya njia.

"Sogea," akamwambia kaka yake.

Akasogea.

Walikwenda nusu saa, Khaemba akisukuma baiskeli, mkewe nyuma hatua tatu. Jua lilikuwa mgongoni mwao. Mtoto alikuwa amelala. Katika furaha yake Khaemba alikuwa na woga, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani na anasubiri mwenyewe atokee.

Kwenye daraja la miti Nekoye akasimama.

"Baba Wilkista," akamwita kwa jina la mtoto wao. "Ngoja. Kuna kitu nataka unijibu. Nimeacha wazazi wangu pale. Najua sitarudi, papa hasemi mara mbili. Sasa niambie kweli tupu. Ile sahani."

"Ndiyo."

"Ulivuka uwanja mzima. Ulimwacha papa, ukawaacha wazee, ukaniletea mimi kwanza. Miaka miwili nilikuwa nakulaani kwa aibu uliyonipa, halafu ukafanya vile mbele ya watu wote, nikasema, kumbe huyu mtu ananiheshimu kuliko anavyoogopa dunia. Ndiyo maana nilikula." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Uliamua, ama ni mkono tu uliozoea huko kwa Memsahib?"

Khaemba alishika mpini wa baiskeli kwa nguvu. Maji yalipita chini ya miti ya daraja. Nyuma yao, upande wa Myanga, moshi wa majiko ya jioni ulikuwa umeanza kupanda, na mbele yao ilikuwa barabara ndefu ya kwenda Kitale, ambayo mwanamke huyu alikuwa tayari kuitembea yote kwa ajili ya jibu moja.

Wewe uliye na mke, au mume, au unayetarajia, ungekuwa pale darajani, ungemjibu nini?